Jumamosi sita za batiki pale Ipagala: uzoefu wangu nikiwa na miaka 62

Nimemaliza mafunzo ya batiki ya wiki sita hapa Dodoma, nikaona niandike mapema kabla sijasahau. Nilipokuwa natafuta mahali pa kujifunza sikupata mtu wa kunieleza kwa undani: ada ni kiasi gani, mnakaa wapi, kemikali zikoje, na je, mtu aliyekwisha kustaafu anaweza? Anaweza. Ila kuna mambo ya kuuliza kabla hujatoa hela.

Nilikuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 34. Nilistaafu nilipotimiza 60, na mwaka wa kwanza wa kukaa nyumbani ulinielemea. Nilikuwa naamka saa 11 kama naenda zamu, namwagilia mchicha, halafu nasubiri wajukuu watoke shule. Binti yangu wa pili anaishi Dar es Salaam. Alikuja kwa treni ya SGR mwezi wa tano, akanikuta chini ya kichanja cha mzabibu na daftari langu la zamani la kazini, nachora majani pembezoni mwa kurasa. Hakusema kitu. Alipofika kwake akanitumia kwenye simu laki moja na themanini, na namba ya mama anayefundisha.

Hiyo laki na themanini ndiyo ada ya Jumamosi sita, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ndani yake kuna rangi, nta, kemikali na glovu. Kitambaa unanunua mwenyewe; mimi nilichukua cha pamba nyeupe Majengo sokoni, shilingi 5,000 kwa mita, na mpaka tunamaliza nilikuwa nimetumia mita 10. Tulikuwa wanafunzi saba, mimi ndiye mkubwa wa wote. Mwalimu ni rika la binti yangu. Ananiamkia shikamoo huku amepiga goti kidogo, namwitikia marahaba, na dakika tano baadaye ananiambia nta yangu imepoa, mstari umekatika, nirudie. Nililipenda hilo tangu siku ya kwanza. Watu wakikuona una mvi wanakusifia kila unachoshika, na kwa sifa za namna hiyo hujifunzi kitu.

Kazi inaanza na kufua. Kitambaa kipya kinafuliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka wanga wa kiwandani utoke. Mwenzetu mmoja aliruka hatua hiyo, rangi ikamshikia kwa mabaka, hapa imekolea, pale haijagusa. Kisha inakuja nta, maana palipopakwa nta rangi haishiki. Mwalimu anachanganya nta ya nyuki na mshumaa wa kawaida. Nta ya nyuki ni laini, inakunjika pamoja na kitambaa bila kuvunjika. Mshumaa ni mkavu, unapasuka, na rangi ikipenya kwenye nyufa inaacha ile mishipa myembamba tunayoiona kwenye batiki. Ukitaka mishipa mingi unaongeza mshumaa. Nta ya nyuki anaitoa kwa wafugaji wa Manyoni, na ikishayeyuka uwanja mzima unanukia asali. Asubuhi za mwezi wa sita hapa kwetu ni za baridi, nta inaganda hujainua hata brashi, na mishipa inatoka mizuri kuliko saa 6 jua likishawaka. Nimejaribu nyumbani saa zote mbili, tofauti inaonekana kwa macho.

Wiki mbili za mwanzo tulitumia chapa za sponji ya godoro zilizogandishwa kwenye vipande vya mbao: twiga, samaki, ramani ya Afrika. Nilichapa twiga mpaka nikachoka. Mwisho wa Jumamosi ya pili mwalimu alizikusanya chapa zote akazifungia stoo. Akasema, "Wiki ijayo kila mtu aje na kitu cha nyumbani kwake. Kisiwe cha kununua."

Kwa sentensi hiyo moja, ada yangu ilikuwa imerudi.

Nilirudi nyumbani nikazunguka ua kama mgeni. Tuna mzabibu mmoja, mwarobaini, mpapai, matuta manne ya mboga na maua ya karatasi langoni. Zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mzee wangu alikuwa ameupogolea mzabibu mwezi wa nne. Kila mkato ulidondosha maji, tone baada ya tone, siku kadhaa, na mimi nilikuwa nayatazama nikinywa chai bila kuwaza lolote. Sasa majani yalikuwa yamejaa, na vile vikamba vyake vimejisokota kwenye waya kama nywele za mtoto mchanga. Nikachuma jani moja, nikaketi kulichora. Mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Lilikuwa linatoka limenyooka, safi, kama jani la kwenye nembo. Mjukuu wangu wa miaka 8 alisimama nyuma yangu akatazama muda mrefu. "Bibi, mbona la kwako halijaliwa?"

Akanishika mkono tukarudi kichanjani. Kweli bwana, hakukuwa na jani zima hata moja. Kila jani lina matundu ya wadudu, mengine madogo kama kichwa cha pini, mengine yamekula mpaka ukingoni, na jua la saa 10 lilikuwa linapita humo likaangukia sakafuni kama mtama uliomwagika. Miaka yote tumekuwa tukiyalalamikia yale matundu. Siku ile tulikaa chini tukayachora tu yale matundu, yeye kwa penseli, mimi kwa kalamu, mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Kitu cha pili nilikitoa juu ya kabati. Ni kibuyu cha maziwa cha marehemu mama, alikuja nacho kutoka Mvumi. Kilipata ufa nikiwa mdogo, naye akakishona: alitoboa vitundu pande zote za ufa kwa chuma cha moto, akapitisha uzi mgumu kwa mshono wa kupishana. Nilikuwa nakitunza kama kumbukumbu. Sikuwahi kuutazama ule mshono kama mchoro. Nilipouweka mezani Jumamosi ya tatu, mwalimu alipitisha kidole juu yake akaniambia, "Mama, pindo lako hili hapa."

Basi kitambaa changu cha kwanza cha kweli kikawa hivi: mji wake ni majani ya mzabibu yenye matundu, pindo lake ni mshono wa mama yangu, ukizunguka pande zote nne.

Kuhusu rangi, acha niseme nilichokiona. Rangi tunayotumia huyeyushwa kwenye maji ya moto pamoja na kostiki soda na haidrosalfaiti, kemikali mbili zinazoifanya iyeyuke, halafu inaachwa ipoe mpaka iwe vuguvugu, maana ya moto ingeyeyusha nta yote. Nilichagua kijani. Nikachovya, nikageuzageuza kitambaa ndani ya karai, nikakitoa, kikawa cha buluu inayoelekea zambarau. Nikajua nimeharibu. Mwalimu akasema nikitandaze kwenye kamba, nisikiguse. Hewa ilipoanza kukipiga, kijani kikaanza kuota kwenye kingo, kikaingia ndani polepole, kikazunguka kila tundu la jani, na ndani ya dakika chache kitambaa kizima kilikuwa na rangi ya mzabibu wangu. Ndiyo kazi ya hewa kwenye rangi hizo: ndani ya karai zinakuwa zimebadilishwa ili ziyeyuke, zikikutana na hewa zinarudi kwenye rangi yake halisi na kushika uzi. Nilikwisha kuelezwa hayo, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Nimepokea watoto wengi sana mikononi mwangu, wanazaliwa wakiwa na rangi ya zambarau, wanavuta hewa, wanabadilika mbele ya macho yako. Nilisimama pale kwenye kamba machozi yananitoka, na sikuona haya.

Sasa yale ya kuuliza kabla hujalipa.

La kwanza ni kukaa. Wiki ya kwanza tulifanya kazi tumeinama kwenye vigoda, na magoti yangu yalilia siku tatu. Nilimwambia mwalimu waziwazi, na Jumamosi iliyofuata alikuwa ameweka mlango wa zamani juu ya matofali, tukapata meza. Namshukuru, lakini ulizeni mapema, hasa wenye baridi yabisi.

La pili ndilo zito kwangu. Kostiki soda inaunguza. Inaunguza ngozi, inaunguza jicho, na ikimezwa inaunguza koo lote. Nikiwa kazini nilipokea zaidi ya mara moja watoto waliokunywa maji ya kostiki kutoka kwenye chupa ya soda iliyoachwa jikoni. Siku ya kwanza pale Ipagala glovu zilikuwepo, barakoa hazikuwepo, na unga ulikuwa unachotwa kwa kijiko kwenye upepo. Nilinunua pakiti ya barakoa nikagawa kwa wote. Vilevile tulikubaliana utaratibu: maji yatangulie kwenye ndoo, kostiki ifuate kidogo kidogo huku unakoroga. Ukimimina maji juu ya kostiki inachemka ghafla na kukurukia usoni. Kopo lake liandikwe, likae juu, lisiwe chupa ya kinywaji. Na nta iyeyushwe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, isiachwe motoni peke yake. Ikishika moto, funika, usimwagie maji. Mwalimu aliyapokea yote bila kununa, na kufikia wiki ya tatu yalikuwa sehemu ya somo lake. Lakini yalipaswa kuwepo siku ya kwanza.

Halafu maji. Nilihesabu: mita mbili za kitambaa, kuanzia kufua mpaka kuchemsha nta itoke na kusuuza, zilikula ndoo saba za lita 20. Kwa mji wetu wenye mgao, panga siku yako. Maji machafu ya rangi usiyamwage kwenye mboga. Mimi nilikuwa nimeshainamisha karai pembeni mwa tuta la mchicha mzee wangu akaniita kwa jina langu lote, jambo ambalo hulifanya mara chache. Sasa tuna shimo la peke yake nyuma ya choo, mbali na bustani. Nta inayoelea baada ya kuchemsha usiitupe. Ikipoa inaganda juu ya maji, unaivua kama utando, unaitumia tena.

Jambo moja lilinikera, nami nalisema. Tangazo liliahidi kuwa ukimaliza utaunganishwa na wanunuzi. Hatukuunganishwa na yeyote. Mimi sikwenda kwa ajili ya biashara, lakini kulikuwa na mabinti wawili waliokopa ada wakitegemea hilo. Ahadi hiyo iondolewe au itimizwe.

Baada ya wiki ya tano mpwa wangu alitupeleka Kolo, kule Kondoa, kama kilomita 180 kutoka hapa, kuona michoro ya mapangoni. Haikuwa sehemu ya mafunzo. Ni mimi niliyeomba. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na nimezaliwa mkoa huuhuu sijawahi kufika. Kupanda ni mwinuko hasa, chukua fimbo na maji. Kule juu kuna watu wembamba, warefu, waliochorwa kwa rangi nyekundu, na miili yao haikupakwa ikajaa, imepigwa mistari myembamba ya wima. Nilikaa kwenye jiwe nikaitazama ile mistari mpaka kijana wa kutuongoza akaniuliza kama naumwa. Jumamosi ya sita niliomba kalamu ya nta, kile kikopo kidogo cha shaba chenye mdomo kama wa birika, nikajaribu kupiga mistari ile. Mkono wangu unatetemeka kidogo siku hizi. Mistari ikatetemeka nao, na kwenye kitambaa wale watu wakaonekana wanatembea.

Kitambaa cha majani nimempa binti yangu, maana ndiye aliyelipa. Alikishonesha gauni, akalivaa kwenye kichen pati, na mama mmoja akaniulizia kama hicho. Nimemwambia asubiri, kwa sababu jani lake lazima litoke kwenye ua wake, atakuja nalo.

Mafunzo haya nayapa alama nne kwa tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya barakoa na ile ahadi ya wanunuzi. Nimeshalipia hatua ya pili, inayoanza mwezi wa nane, na nimemwomba mwalimu tuanze saa 2 badala ya saa 3, tutundike vitambaa kabla upepo haujaamka na vumbi lake.