Oo wa Kauai na Buxbaumia viridis

Oo wa Kauai, ndege mweusi wa Hawaii, alisikika mara ya mwisho mwaka 1987. Dume na jike waliimba kwa kupokezana. Katika rekodi ya mwisho dume anaimba, ananyamaza, anaimba tena, na hakuna anayemjibu. Panya, vimbunga na malaria ya ndege iliyoletwa na mbu wageni vilimmaliza.

Buxbaumia viridis, kimmea kisicho na maua kinachopatikana Ulaya, hakina sauti ya kutufanya tukililie. Huota kwenye magogo yanayooza. Majani yake karibu hayaonekani, kinachoonekana ni kikonyo chenye kifuko kidogo cha kijani. Hiki bado kipo, na dawa ya kukilinda ni rahisi mno: magogo yaachwe yaoze.