Chujio la sponji kwa dimbwi la chumvi la kaa wa kombe

Kwa mfugaji wa kaa wa nchi kavu, wale Coenobita wanaotembea na kombe la konokono mgongoni, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa ndilo la kununua ikiwa dimbwi la chumvi ndani ya tangi lao ni la lita 5 hadi 10. Halipendezi machoni, lina kelele na haliondoi mchanga. Lakini maji yakipungua haliharibiki, na dimbwi la kaa hupungua kila siku: joto linakausha, na kila kaa anayetoka anaondoka na maji ndani ya kombe lake. Chujio dogo la mota likibaki juu ya maji huungua. Tena matundu yake ya kuvutia maji hunasa miguu ya kaa wadogo.

Kifurushi cha kawaida kina sponji, kitako na bomba tu. Pampu, mpira mwembamba wa kupitisha hewa na vali ya kuzuia maji kurudi hununuliwa kando. Vali msiiache: umeme ukikatika, maji ya chumvi hurudi kwenye mpira hadi ndani ya pampu iliyowekwa chini ya usawa wa dimbwi. Pampu ikae nje ya tangi, maana unyevu wa asilimia 80 wanaouhitaji kaa utaiua.

Sponji mpya haisafishi chochote isipokuwa uchafu wa kuonekana. Kazi yenyewe ni ya bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, nayo sumu, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo kali hivyo, nao huchukua wiki 4 hadi 6 au zaidi kujaa. Muda huo sponji ikae kwenye ndoo ya maji ya chumvi pampu ikiwaka, si kwa kaa. Wao wapewe bakuli la maji ya chumvi yanayobadilishwa mara kwa mara. Ondoa kwanza klorini ya maji ya bomba, kisha changanya chumvi ya akwariamu, kama gramu 36 kwa lita, mpaka haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya chumvi, isome 1.025. Chumvi ya mezani haifai, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Aliye Tanga au Mombasa anaweza kuchota bahari yenyewe, mbali na mitaro na bandari.

Bakteria wanahitaji chakula. Yeyusha gramu 3 za kloridi ya amonia katika nusu lita ya maji. Kijiko cha chai kimoja, yaani mililita 5, kwenye lita 5 kinafikisha karibu miligramu 2 kwa lita. Ongeza tena amonia ikishuka karibu na sifuri. Ndoo iko tayari pale dozi hiyo inapokwisha ndani ya saa 24 na nitriti nayo kusoma sifuri. Badilisha maji mengi kabla ya kuhamisha sponji, kwani nitrati itakuwa imepanda.

Kwa vipimo, kisanduku cha matone cha kampuni ya API cha maji ya chumvi kinatosha: kina pH (kiwango cha asidi), amonia, nitriti na nitrati. Chupa ya pili ya nitrati itikiswe kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha, la sivyo dawa hubaki imetuama na jibu linakuja dogo kuliko ukweli. Wengi hujisifia maji safi kwa sababu hiyo tu.

Udhaifu mkubwa ni nyuzi za nazi na mchanga ambao kaa wanaburuta. Sponji ya matundu madogo huziba upesi, basi chagua ya matundu makubwa. Dalili ya kuziba ni mapovu kupungua huku pampu ikinguruma kama kawaida. Ikamue ndani ya maji yaliyotolewa dimbwini. Ukiiosha bombani, klorini inaua bakteria na amonia itapanda tena. Mchanga wa chini unyonywe kwa mpira.

Mapovu hurusha matone ya chumvi pembeni na kuongeza unyevu, hivyo punguza hewa kwa kibinyo hadi yapande taratibu. Kujazia, pima kwanza: yaliyokauka yameacha chumvi, yanarudishiwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi wala klorini; waliyobeba kaa yameondoka na chumvi yake, hivyo yanarudishiwa ya chumvi.

Dimbwi la maji baridi linataka sponji yake. Pampu moja yenye kigawanyio inatosha yote mawili, ila usihamishe sponji kutoka huku kwenda kule, bakteria wengi hawavuki. Na kitako kiwe kizito. Kaa watakipanda usiku kucha, na chepesi kitapinduka.