Senta ya kutayarisha EXETAT (egzame ya Serikali ya kumaliza sekondari) mu Golf, mutaa ya batajiri ya Lubumbashi: banafundisha muzuri sana, napatia nyota 3

Kwa masomo peke yake ni 5 kwa 5, nisemage ukweli. Jina sitaiandika.

Mutoto wa dada yangu alitayarishia pale. Walimu beko bakali: banakusanya maitemu ya miaka yenye ilipita, banafanya simulasyo na saa mukononi, banamufundisha mutoto aruke swali yenye inamukatalia arudilie kisha, na kuran ikienda gurupu inawaka palepale. Watoto beko kidogo mu chumba, profe anajua kila mumoja anaangukiaka wapi. Bei ni ya dolare, na njo ile bei inachuja watoto mbele egzame haijafika.

Sasa tuongee ile ukuta ya resepsyo. Mapicha ya bale balipata asilimia za juu, pudre ya furaha kichwani mpaka ku kope, na juu yabo bameandika na herufi kubwa: HAPA HAKUNA PISTO, NI MERITE TU (pisto njo kupita juu ya kujuana na bakubwa). Nikauliza patro kama kuko hata mutoto mumoja wa Katuba, komini ya bamaskini, pale, akanijibu, mama, egzame ni ileile kwa bote.

Ni ileile, ndiyo. Tangu 1967 inchi muzima inafanya ile egzame, siku 4, 50% umepita. Lakini mutoto wa jirani yetu, yule mwenye alikuwa anaelezea huyu mupwa wangu hesabu tangu bakiwa badogo, alisomea na bougie, mu darasa yenye imejaa mpaka mulangoni, na mwalimu wake anangojea wazazi bamulipe prime, feza ya kujazia mushahara wake, njo aingie kufundisha. Alipata 54. Wetu alipata 73, na siku ya matokeo nikamusikia anasema ati ule alikuwa muvivu. Senta ndiyo ilimufundisha ile, bila kuiandika mu orere!

Babu zetu pia baliona hii mambo. 1952 Babelgiji balileta immatriculation, karte ya kuhesabia Mweusi sawa na Muzungu mbele ya sheria: komisyo inaingia mpaka mu nyumba yako kuangalia namna munakula, namna munaishi, kisha batu kidogo sana banapewa karte, na bengine banaambiwa bajikaze. Leo batu ya kazi na ya bourse banaangalia asilimia tu, hakuna mwenye anauliza nani alilipa ile asilimia, na kesho ni hao ba 73 bataikala mu mabiro na kutuambia inchi haiendelee juu batu habapendi kutumika.

Nilimuomba patro aingize watoto kidogo ba Katuba na ba komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, bure siku ya posho (samedi) kisha midi, vyumba biko wazi saa ile. Akasema tutaangalia. Mpaka leo anaangalia.

Kama uko na feza peleka mutoto, atapita. Lakini ile maandishi ya ukuta baiondoe. Tena paking ni ndogo, ukija na motokari fika mapema.