Pampu ya kuvuta maji ya inchi mbili, inayotumia petroli, baada ya masika Hananasif, Dar es Salaam

Hii si pampu ya mtu mmoja, ni ya uchochoro mzima. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana ndicho kilichoinunua baada ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, tukachanga nyumba kwa nyumba. Mimi ni mweka hazina, kwa hiyo inalala kwangu, tangi likiwa tupu.

Kazi inaiweza. Huku bondeni nyumba nyingi zina kizingiti kirefu mlangoni cha kuzuia maji. Yakishakiruka, kizingiti hichohicho ndicho kinachoyafungia ndani. Zamani tulikesha tukiteka kwa ndoo na masufuria. Sasa chumba chenye maji ya magotini kinabaki tope tu, hata chai ya mkaa haijachemka.

Tatizo ni kwamba imetengenezwa kwa maji safi, na maji ya mto Msimbazi yanakuja na mifuko, nepi na nusu ya takataka za jiji. Chujio linaziba, mashine inaanza kukoroma. Tulitoboa ndoo ya rangi kwa msumari wa moto, tukaizungushia chandarua kibovu, mpira wa kuvutia ukatumbukizwa humo. Kijana mmoja anakaa na fimbo kusukuma taka. Mpira wa bluu wa kutolea maji haufai kabisa: mwepesi, na mfupi, haufiki mfereji mkubwa. Nunueni mwingine.

Mifereji yenyewe wakazi wa hapa waliijenga kwa mikono yao miaka ya 1990. Ikiziba, pampu inamhamishia jirani mafuriko yako, na ugomvi wake si mdogo. Ndiyo maana hatuwashi kabla mfereji haujazibuliwa. Nyumba yenye mgonjwa au kichanga inatangulia, kisha tunaanzia juu tukishuka. Ukianza chini utavuta maji ya mtaa mzima. Petroli kila nyumba inaleta yake. Wapangaji ambao hawakuchanga tunawavutia vilevile, tutadaiana jua likiwaka.

Waliohamishwa mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sisi tuliobaki tuna pampu.

Msiiwashe ndani hata mvua inyeshe vipi, moshi wake unaua. Yetu tunaiweka barazani juu ya matofali. Na mkimaliza kazi msiache petroli kwenye kabureta, la sivyo masika yajayo mtavuta kamba mpaka bega liteguke.

Nyota tatu na nusu. Ukienda kununua, dai ijazwe maji kwanza, iwashwe ikivuta kwenye ndoo mbele ya macho yako. Muuzaji wetu aliingurumisha kavu, bila maji, dukani ili tusikie mlio, na sili ya kuzuia maji yasivuje ikaanza kuvuja siku ya kwanza ya kazi.