Kununua na kuuza Quarter Horse kwa majirani, Texas: uzoefu wangu

Ukikaa magharibi ya Fort Worth, upande wa Weatherford, huna haja ya kwenda mnadani kutafuta farasi. Vibao vya kuuza viko getini, na wengi ni farasi wa aina ya Quarter Horse, wale wenye kifua kipana na mapaja yaliyojaa, waliopata jina kwa mbio za robo maili, kama mita 400. Binti yangu alitaka farasi mtulivu wa kupanda, nikaamua kununua kwa jirani. Nitanunua hivyo tena, ila si kwa kila muuzaji.

Wa kwanza kumwona alikuwa dume aliyehasiwa, mwekundu, ana baka jeupe usoni. Tulimkuta keshatandikwa na jasho limemkaukia mgongoni. Hapo hapo nikaingiwa na shaka. Farasi anayeuzwa umkute malishoni, uone anavyokamatwa, anavyoinua mguu asafishwe kwato, anavyopokea lijamu. Akishazungushwa kabla hujafika, ukorofi umemwisha na viungo vilivyokakamaa vimeshapata moto.

Tukarudi na daktari wa mifugo niliyemtafuta mwenyewe, si wa muuzaji. Daktari akaukunja mguu wa mbele wa kushoto, akaushikilia karibu dakika nzima, akauachia, na farasi akakimbizwa mbio za polepole kwenye ardhi ngumu. Kila mguu ule ulipokanyaga, kichwa kikaruka juu. "Atakuwa amekanyaga jiwe," muuzaji akasema. Daktari akainua kwato, akakwangua taratibu: hamna jiwe. Akataka kuchukua na damu, maana kuna dawa za maumivu zinazomfanya farasi anayechechemea aonekane mzima kwa siku ile. Muuzaji akakataa. Tukaaga.

Kumlipa daktari mamia ya dola kwa farasi usiyemchukua kunauma, na picha za eksirei zinaongeza bili. Lakini farasi anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, na anayechechemea anakula nyasi sawa na mzima.

Wa pili alikuwa jike wa mzee mmoja barabara ya nyuma. Mzee akampa binti hatamu: "Mjukuu wangu, nenda kamkamate mwenyewe." Akaenda, akamvalisha, akarudi naye kamba imelegea. Karibu nimalize biashara palepale!

Kilichobaki ni karatasi, na hapa wengi hupita haraka. Cheti cha AQHA, chama cha farasi wa aina hii kilichoanzishwa Fort Worth mwaka 1940, kilikuwa kwa jina la mzee mwenyewe, na alama za usoni na miguuni zililingana na za jike. Ukikuta jina la mtu mwingine, utahangaika kutafuta saini ya mtu asiyekujua. Niliomba pia majibu ya vipimo vya kurithi, hasa HYPP, ugonjwa wa misuli unaotokana na uzao wa dume Impressive, aliyezaliwa 1969. Farasi mwenye ugonjwa huo hafai kujaziwa majani ya lusani, maana ina potasiamu nyingi. Halafu kipimo cha Coggins, cha anemia ya kuambukiza: hapa Texas farasi anapobadili mmiliki kinatakiwa majibu hasi ya ndani ya miezi 12.

Binti alipokwenda chuo, nikawa muuzaji mimi. Niliandika kila kitu kwenye tangazo, pamoja na kwamba jike ni mbishi kupanda tela. Simu zikapungua, lakini waliokuja walikuja na tela na nia. Wanaochosha ni wale wanaokuja kupanda bure Jumamosi, wanapiga picha, wanasema watafikiria. Dawa yao ni kuwauliza kwanza daktari wao ni nani.

Aliyemchukua alileta daktari, akalipa amana, tukaandikiana hati ya mauziano, na fomu ya kuhamisha umiliki nikaituma kwa chama mwenyewe, sikumwachia yeye. Tandiko sikulitoa kama nyongeza. Liliuzwa peke yake, na bei yake ilinishangaza.