Kasha lilikuwa nyuma ya kiti chake

Si kawaida yangu kuandika tathmini ya hifadhi ya nyaraka, na hii nisingeiandika laiti yule kijana wa zamu ya mchana angeinua macho kutoka kwenye simu yake.

Nilikwenda huko kusini mwa Marekani, mwaka jana kama sikosei, kutafuta ripoti za walimu wa Jeanes, yaani walimu waliolipwa na mfuko wa Anna Jeanes kuzisaidia shule za vijijini za watu weusi. Sisi Wakenya jina hilo tunalifahamu kutokana na shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, ambayo iliiga mfano wa walimu hao. Wa kwanza wao, Virginia Randolph, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alianza mwaka 1908 kuzizungukia shule za watu weusi katika Henrico County, Virginia, akiwasaidia walimu na wazazi kuziinua.

Nilijaza fomu, nikaacha kalamu ya wino na mkoba nje, nikapewa penseli. Hayo ni ya haki na sina neno. Kilichonichoma ni jibu. “Hatuna,” alisema, bila hata kugusa kompyuta. Nilipomwonyesha namba niliyoinakili kutoka orodha yao wenyewe, akasema hizo ni karatasi za vijijini tu, hakuna anayeziulizia, nijaribu siku nyingine. Kasha lenyewe lilikuwa kwenye kitoroli nyuma ya kiti chake, na namba yake niliisoma nikiwa nimesimama pale pale.

Karatasi za vijijini! Kati ya mwaka 1912 na 1932, kwa mpango ulioasisiwa na mwalimu mweusi Booker T. Washington pamoja na tajiri Julius Rosenwald, zilijengwa karibu shule 5,000 za watoto weusi kusini, na wanavijiji weusi, ambao tayari walikuwa wakilipa kodi kama wengine, walichanga fedha kuliko alizotoa Rosenwald. Ushahidi wa jasho hilo utaupata wapi, kama si katika karatasi ambazo kijana huyu anazionea kinyaa?

Mama mmoja mwenye mvi, nadhani ndiye mkuu wake, alisikia sauti yangu ikipanda akaniletea kasha bila maneno mengi. Katika ripoti moja ya mwezi, mwalimu ameandika kwa penseli kwamba wazazi wameuza chakula cha jioni na kupata dola 12 na senti 40 za kununulia jiko la kupashia darasa joto. Chini yake msimamizi wa elimu wa kaunti ameandika kwa wino neno moja tu: “Imeonekana.” Kisha nikagundua kwamba orodha ya hifadhi imepangwa kwa majina ya wasimamizi hao, wote wazungu, na jina la mwalimu halimo popote, ingawa sahihi yake iko kwenye kila karatasi. Hapo hasira yangu ikamhama kijana, kwa kuwa yeye alikuta uzembe huo umeshawekwa rafu kwa rafu.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Kwa karatasi zenyewe natoa tano, kwa huduma sitoi hata nusu, na yule mama simhesabu humo. Nilitoka nikiapa kutorudi, lakini juzi nimewaandikia kuomba nafasi nyingine, ya asubuhi, kabla kijana hajaingia zamu.