TAHADHARI: Anayepokea kianzio cha iPhone 17 ya mtandao wa kulipia kabla, Houston na sasa Dallas

Ndugu zangu wa Houston, Katy na Sugar Land, na nyie wa Dallas ambako nasikia ametua wiki hii: kuna kaka anapokea kianzio cha dola 200 kwa ahadi ya kukupatia iPhone 17 kwa jumla ya dola 420, "mzigo ukifika" kwenye mtandao mmoja wa kulipia kabla. Msimpe hata senti. Mimi ameondoka na dola 660 zangu, mbali na 420 nilizolipia simu ambayo iko Tanga na mpaka leo haijapiga simu hata moja. Jana tulikaa watu wachache tukahesabu, tukajikuta tuko kumi na mmoja, na hao ni wale tunaojuana tu.

Jina silitaji kwa sababu alilotupa si lake. Wengine anawaambia ni wa Mombasa, mimi aliniambia mama yake ni wa Pangani. Nitawaeleza mchezo wake, ili hata akibadilisha jina na kofia mumjue.

Huyu hakutafuti kwenye simu, anakukuta msibani. Mimi nilikutana naye kwenye arobaini ya mzee wetu mmoja, mwezi wa tisa, anasaidia kupanga viti na kubeba masufuria. Kila mama anamwamkia shikamoo. Amevaa fulana ya duka la simu, ile yenye nembo kifuani, na alipoulizwa akasema anafanya kazi kwenye duka lao lililo kwenye plaza, jirani na dobi. Hiyo fulana ndiyo iliyotumaliza. Nilipokwenda dukani baadaye, binti wa kaunta akaniambia alifanya kazi pale wiki mbili tu wakati wa kiangazi, akaacha, na fulana hakurudisha.

Sasa wapo watakaosema, dada naye, mtu mzima unadanganywaje hivyo? Ngoja niwaambie. Wengi wetu tuko kwenye mitandao ya kulipia kabla kwa sababu tulipofika hapa hatukuwa na historia ya mkopo. Kampuni kubwa zikikupa simu ya mkataba zinataka soshali, yaani namba yako ya hifadhi ya jamii, na zinakupekua madeni. Hizi ndogo unalipa kifurushi chako cha mwezi, unaondoka, hakuna anayekuuliza ulizaliwa wapi. Gharama yake ni kusubiri. Simu mpya ikitangazwa, wewe unakaa unauliza dukani: imefika? Jibu ni bado, au zimekuja chache zimeisha, au ipo lakini bei kamili.

Kusubiri huku hakukuanza leo. iPhone ya kwanza iliingia sokoni hapa Marekani Juni 2007 na ilikuwa ya AT&T peke yake. Sisi wa kulipia kabla tulikaa miaka mitano. Mtandao wa Cricket ndio ulikuwa wa kwanza kuileta kwenye kulipia kabla, tarehe 22 Juni 2012, iPhone 4S ya GB 16 kwa dola 499.99 taslimu na kifurushi cha dola 55 kwa mwezi. Virgin Mobile ikafuata wiki moja baadaye, yenyewe kwa dola 649. Wakati huo mwenye mkataba wa miaka miwili alikuwa anaipata 4S kwa dola 199, halafu anakamuliwa polepole kwenye bili. Na waliochukua ile iPhone 4 ya kawaida ya Cricket, wakaituma nyumbani bila kuuliza, wanakumbuka kilio chake: ilikuwa ya CDMA, aina ya mtandao usiotumia laini ya kuchomeka, haina hata tundu la laini. Ilikuwa kioo cha kujitazamia. Mimi mwenyewe shangazi yangu aliitumia kusikilizia kaswida.

Kwa hiyo iPhone 17 ilipotangazwa tarehe 9 Septemba 2025, bei ikianzia dola 799, na tarehe 19 ikaingia madukani, njaa ilikuwa palepale. Huyu kaka akaja na maneno matamu: "Dada'ngu, mtandao wetu unapata mzigo wake peke yake, na wafanyakazi tunapewa bei ya ndani. Ila nafasi ni arobaini tu, weka kianzio nikuandike." Akanionyesha daftari. Daftari la mistari, majina yameandikwa kwa peni ya bluu, mbele ya kila jina 200, na majina matatu nayajua. Ningejua kwamba lile daftari ndilo duka lenyewe, ningelipiga picha.

Nikatuma 200 kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana hela toka benki hadi benki. Tarehe 3 Oktoba, kweli, akaniletea simu mpaka nje ya kazini kwangu, nikiwa natoka zamu ya usiku kwa bibi ninayemlea. Nikammalizia 220. Simu ni halali, mpya, inang'aa. Kasoro moja niliiona nikaimeza: ule ukanda wa karatasi nyuma ya boksi ulikuwa umeshachanwa. Akasema, "Nimekufungulia kuiwasha dukani, ndiyo utaratibu." Nikaiweka kwenye waifai ya nyumbani, nikapiga picha mbili tatu, nikampigia mdogo wangu video kwa WhatsApp. Laini yangu ya mtandao mwingine sikuijaribu humo. Hapo ndipo nilipopotea njia.

Maana nilipoona simu imefika kwa siku aliyosema, nikawa mpiga debe wake. Nikaagiza tatu zaidi, moja ya mume wangu na mbili za kutuma, 600 kwa mkupuo. Nikawaleta na wenzangu wawili, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela yangu. Leo nikipiga hesabu naona wazi kwamba zile simu za mwanzo, nne au tano, alizinunua dukani kwa bei kamili kwa kianzio cha waliokuwa nyuma yetu. Ni upatu, tofauti yake ni kwamba aliyetangulia anapewa simu badala ya hela.

Simu ya kwanza ikasafiri na mgeni mmoja mpaka Dar, ikaenda Tanga. Mdogo wangu akaenda kuunganishiwa. iPhone za Marekani kuanzia toleo la 14 hazina tundu la laini, zinatumia eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe, na nyumbani sasa eSIM zipo, kwa hiyo hilo halikuwa tatizo. Akapewa karatasi yenye ile alama ya kuskani, akaskani, simu ikakataa. Akarudia, ikakataa. Yule kijana wa kaunta akaingia ndani ya mipangilio, akashuka mpaka pale panapoonyesha loki ya mtandao, akamgeuzia kioo ajisomee: simu imefungwa. Ikiwa imefunguliwa panaandikwa "No SIM restrictions". Hapo paliandikwa kingine.

Akaipeleka Kariakoo. Fundi akaipokea, akaizungusha kiganjani, akapitisha ukucha ubavuni pale ambapo simu zingine zina tundu, akacheka. Akamwambia, "Mdogo wangu, hizi za zamani tulikuwa tunazipachikia kichipu chini ya laini zinaongea. Hii kichipu nitakipachika wapi?" Akamrudishia bila kumtoza.

Nikampigia yule kaka. Wala hakushtuka. "Aa, dada'ngu, hiyo ni loki ya kawaida, nitumie 60 naitoa kwenye mfumo." Na mimi nikatuma! Baadaye ndipo niliposoma vizuri. Simu ya mtandao wa kulipia kabla inauzwa ikiwa imefungwa kwenye mtandao huo, na inafunguliwa baada ya kutumika na kulipiwa humohumo kwa muda uliowekwa, kila kampuni na muda wake. Kampuni kubwa za simu hapa zilijiwekea kanuni kupitia chama chao, CTIA, kwamba ya kulipia kabla ifunguliwe si zaidi ya mwaka mmoja tangu iwashwe, ikiwa masharti yametimizwa, na bila malipo. Bila malipo! Anayekudai 60 au 80 ya kutoa loki anakuuzia hewa. Na simu iliyoko Tanga itatumiaje kifurushi cha Texas kutimiza hayo masharti? Nimebaki na njia ya kuirudisha huku, niiwekee kifurushi miezi na miezi, halafu niitume tena.

Zile tatu nyingine zikaanza visingizio. Mara mzigo unatoka Jumatatu. Mara umekwama Memphis. Memphis kweli ndiko FedEx, wasafirisha vifurushi, wana kituo chao kikubwa, kwa hiyo neno likapita. Nikadai namba ya kufuatilia, akanitumia, nikaiingiza: kifurushi kilishapokelewa siku nne nyuma, Toledo, Ohio. Nikamtumia skrinishoti. Tiki moja. Mpaka leo ni tiki moja.

Kuna la pili, na hili ni baya kuliko kianzio. Kwa dada mmoja wa kwetu alisema simu inapatikana kwa bei hiyo kwa anayehamia tu, kwa hiyo ampe namba ya akaunti yake na namba ya siri ya kuhamishia. Hapo aliuchanganya uongo na ukweli, maana ni kweli mitandao hii inapunguza bei kwa anayehama na namba yake. Lakini hiyo namba ya siri ni ufunguo wa nyumba. Akampa saa nne asubuhi. Saa saba mchana simu yake ikapoteza mtandao. Jioni ndugu zake wa Bukavu wanapokea ujumbe kwenye WhatsApp, "niko hospitali, nitumieni kidogo." Tena umeandikwa Kiswahili kizuri cha kwao, si cha Tanga. Benki nazo zinatuma namba za kuthibitisha kwa meseji kwenye simu hiyohiyo. Bahati yake akaunti haikuwa na kitu wiki ile. Kama umeshampa hizo namba, acha kusoma hapa, piga kampuni yako ya simu sasa hivi kwa simu ya mtu mwingine, waambie namba yako imehamishwa bila idhini yako, halafu piga benki.

Na kama alikuomba soshali "ya kukufungulia mkopo wa simu", hiyo nayo si ya mchezo. Kulipia simu taslimu na kifurushi cha mwezi hakuhitaji soshali. Yapo maduka yanayokukodisha simu kupitia kampuni nyingine, unalipa kidogokidogo mpaka iwe yako, na ukijumlisha mwisho unakuta umelipa karibu simu mbili. Kama alichukua simu hivyo kwa jina lako, deni ni lako, na simu isipolipiwa inaweza kuwekwa kwenye orodha nyeusi, ile ya simu zinazozuiwa mitandaoni, ikiwa mikononi mwa mtu asiyejua lolote.

Benki yangu niliwapigia. Dada wa upande wa pili akanisikiliza kwa adabu, akauliza swali moja: ni wewe uliyebonyeza kutuma? Nikasema ndiyo. Akasema basi wanafungua malalamiko ila nisitarajie sana. Ningeibiwa neno la siri mtu akatuma bila mimi, hapo sheria ingenilinda zaidi. Zelle wenyewe wanatahadharisha kwamba ni ya kutumia kwa watu unaowajua na kuwaamini. Tatizo letu ni kwamba mtu akishapanga viti msibani tunamhesabu ni ndugu.

Anayeitaka simu hiyo bado, maana najua mpo, aende dukani kwa miguu yake, alipe kwa kadi, atoke na risiti yenye jina la duka na IMEI, yaani namba ya utambulisho, ya simu hiyohiyo. Anayenunua kwa mtu, abonyeze *#06#, alinganishe na boksi, aipeleke IMEI kwenye ukurasa wa bure wa CTIA wa kukagua simu zilizoibwa, halafu aweke laini ya mtandao TOFAUTI apige simu pale pale, mwenye kuuza akiwa amesimama. Akisema ana haraka, mwache aende na haraka yake. Na simu ya kutuma nyumbani, nunueni ile isiyofungwa tangu dukani hata kama ni ghali. Nimejifunza kwa bei.

Nimeshajaza malalamiko FTC, wakala wa serikali ya Marekani wa kulinda wateja, kwenye ReportFraud.ftc.gov. Nasema hivi kwa wale wanaoogopa: mimi nilivyojaza, hakuna mahali waliponiuliza karatasi zangu za uhamiaji. Hiyo hofu ndiyo anayoitegemea huyo kaka. Kuna kaka mmoja alipodai hela zake alijibiwa, "Nenda polisi, tuone nani ataulizwa maswali."

Jumamosi saa tatu asubuhi tunakwenda kituo cha polisi watu wanne tuliokubaliana. Mwenye skrinishoti za mazungumzo naye, risiti ya Zelle au Cash App, au picha ya lile daftari, anitumie inboksi kabla ya Ijumaa usiku. Wa Dallas, nasikia kwenu amebadilisha, sasa anasema anaandikisha za Krismasi na kianzio kimepanda kuwa 250. Fulana ni ileile.